Kitambaa cha Mwisho

Nianze na miwani yake, maana ndiyo watu wanayoisema, na ndiyo wanayoikosea.

Ni chafu. Kioo cha kulia kina michirizi ya mafuta iliyokwenda mshazari kutoka juu hadi chini, na cha kushoto kina alama ya kidole gumba cha mtu mzima. Miezi mitano sasa. Jirani wa mlango wa pili, mwanamke mwenye moyo mzuri na mdomo usio na breki, alimwambia siku moja, "Dada, hebu lete nikufutie hiyo kitu, mbona unatembea kama uko ndani ya moshi?" Akanyoosha mkono. Mwenye miwani akaruka nyuma, akaishika kwa mikono miwili, utafikiri anaporwa. Tangu hapo maneno yakaenea kwamba mama wa watu kachanganyikiwa, kwamba jeshi lilimfukuza na akili nazo zikamfukuza.

Inanikera, nasema wazi. Katika mji huu mzima hakukuwa na mtu aliyejua usafi wa kioo kumshinda yeye. Jeshini walimwita Bi Kitambaa, na kwa miaka sita hata wakubwa wenye nyota mabegani walipopita karibu na meza yake waliteremsha sauti ili wasimshtue.

Kazi aliirithi kwa baba yake, fundi miwani, aliyekuwa na kachumba kembamba chenye jiwe la kusagia lenzi, beseni la maji na sinia la fremu zilizovunjika. Mzee alikuwa na watoto wawili tu. Binti ndiye aliyekaa naye kwenye jiwe. Mdogo wake wa kiume, waliyepishana miaka tisa, mikono yake ilikuwa kama ya kuazima: akishika kitu, subiri mlio. Lakini alipenda kusaidia, na hapo ndipo palipokuwa na balaa. Akiona miwani ya mteja ina vumbi, anaihemea haaa, anavuta pindo la shati, anasugua. Baba anakuja juu, "We! Vumbi ni mchanga huo! Unamkwaruzia mtu jicho lake!" Mtoto analia, na kesho yake anarudia yaleyale.

Siku moja aliikalia miwani ya mwalimu, ikakatika katikati. Hakuna aliyemchapa. Alijihukumu mwenyewe: alilala uso ukutani siku mbili, hali, hanywi, mpaka mama yao akaanza kuogopa. Dada yake ndiye aliyemnyanyua siku ya tatu, kwa kumdanganya kwamba ile fremu ilikuwa na ufa tangu ilipoletwa. Mtoto akaketi, akaomba chai.

Hata alipoota ndevu na kuvaa sare, tabia haikumtoka. Akija kumsalimia dada yake, kabla hajakaa ameshamvua miwani usoni, ameihemea, ameisugua na shati. "Dada, unaonaje njia na vumbi lote hili?" Inarudi na michirizi kuliko ilivyokuwa. Dada anamtukana kidogo, anaivaa hivyohivyo, na siku nzima anatembea nayo. Hakuwahi kuiosha siku hiyo, hata mdogo wake akishaondoka.

Jeshini aliingia kwa mlango wa ajabu. Vita ya mpakani ilikuwa na mwaka mmoja, baba amekwisha kufa, na yeye ndiye mwenye kachumba. Akaingia mwanamume aliyevaa kiraia, amekumbatia kitu kama sinia kilichofungwa karatasi laini. Kilikuwa kioo, kizito, kinene, kisicho na rangi yoyote. "Unaweza kunisafishia hiki?" Yeye akakitazama, akamtazama mtu, akasema, "Zima feni kwanza. Na usiongee huku umekiinamia, unakitemea mate." Yule mtu akacheka mpaka akakaa chini. Alikuwa mhandisi wa jeshi, na alikuwa amezunguka maduka manne. Wiki iliyofuata Bi Kitambaa alikuwa na kitambulisho cha karakana.

Sasa hiyo silaha yenyewe. Wanajeshi waliiita Tochi, na ukiiona hutaogopa. Kontena juu ya lori, jenereta nyuma, mabomba ya maji ya kuipoza, na juu yake kichwa kinachogeuka huku na huku chenye kioo kimoja kipana mbele. Haina mtutu wala haipigi kelele. Mhandisi alimweleza siku ya kwanza kwa lugha ya dukani kwao. "Jua likipita kwenye lenzi ya kusomea linachoma karatasi, sivyo?"

"Tulichoma sana tukiwa watoto."

"Basi ndiyo hiyo, ila sisi jua letu tunalitengeneza wenyewe. Umeme unaingia kwenye nyuzi za kioo nyembamba kama nywele, unatoka mwanga wa aina moja, wote umenyooka. Tunaukusanya kuwa mwale mmoja, tunaupitisha kwenye vioo, tunautupa kwenye droni. Unafika papo hapo. Hauhitaji kukisia upepo."

"Halafu droni inalipuka?"

"Taratibu, mama. Lazima mwale ukae mahali palepale, kwenye bawa au kwenye mota, sekunde tatu, nne, mpaka plastiki iyeyuke. Ikiwa mbali sana tunaishia kuipofusha kamera yake tu. Wewe huoni kitu, husikii kitu. Unaona tu inayumba, inaanguka."

Alimweleza na ubaya wake pia, kwa sababu hakuwa mtu wa kujisifu. Ukungu ukishuka, Tochi ni bure. Mvua, moshi, vumbi, vilevile. Na inachoma moja moja. "Zikija mbili, sawa. Zikija kumi, kila mtu asali kwa dini yake." Kulikuwa na silaha ya aina nyingine, ya mawimbi, inayopiga kundi zima kwa mpigo mmoja na kuziunguza nyaya zao zikiwa angani. Waliahidiwa hiyo mwaka wa kwanza. Mwaka wa sita walikuwa bado wanaahidiwa.

"Na mimi nafanya nini hapo?"

"Wewe ndiye unayeamua kama itafanya kazi," Mhandisi akasema, na hakuwa anatania. Kioo kisafi kinaupitisha mwanga wote, hakibakizi kitu, hata hakipati joto. Lakini tone la mafuta, au alama ya kidole tu, linaunywa mwanga badala ya kuupitisha. Panachemka hapo, kioo kinapasuka, na Tochi inakuwa kontena la bati. "Adui wa kwanza wa hii mashine si droni," alisema. "Ni kidole cha mtu."

Kwa hiyo yakawekwa masharti, na Bi Kitambaa akayafuata kama sala. Mara mbili kwa wiki alipanda kilimani kwa gari la jeshi. Anafunga nywele, anavaa barakoa na glavu. Anapuliza vumbi kwa mpira wa hewa, hagusi kwanza. Kisha analoweka kitambaa kwa spiriti, anakilaza juu ya kioo, anakivuta polepole mara moja tu, upande mmoja, anakitupa. Kingine. Kingine. Anaendelea mpaka kitambaa kitoke hakina kitu hata chini ya taa kali. Hicho cha mwisho hakitupwi. Kinaingia kwenye bahasha, anaandika tarehe na saa, anatia sahihi, kinafungiwa kabatini karakana, na ufunguo ni wake. Ndio ushahidi kwamba alipoondoka, aliacha kioo kisafi.

Mwaka wa sita mdogo wake akahamishiwa kilimani hapohapo. Wanajeshi walimwita Spidi kwa sababu hakuwa nayo. Walikuwa watatu kwenye Tochi: Mwendeshaji, anayekaa kwenye skrini, mtu wa redio, na Spidi, mlinzi wa jenereta, mikono ya sare imelowa dizeli na grisi tangu Jumatatu hadi Jumatatu. Wale wawili walikuwa marafiki zake wa kufa na kuzikana. Walikula sahani moja, walicheka kicheko kimoja. Chini ya kilima kulikuwa na bohari la mafuta la mji, na wao watatu ndio waliokuwa mwavuli wake.

Dada alifurahi, na alijificha kufurahi. Siku za kusafisha alimletea mdogo wake chakula cha nyumbani, na Spidi alimvua miwani mbele ya wenzake, haaa, akasugua. Mwendeshaji akapiga mluzi, "Bi Kitambaa, mbona huyu humpi barakoa?" Watu wakacheka, na yeye akaivaa na grisi yake.

Kisha likaja lile la Sajini, msimamizi wao kutoka kambini. Mkubwa mmoja wa kikosi alipita kukagua, akaona chembe ya vumbi pembeni mwa kioo. Chembe! Upepo ulikuwa unavuma siku nzima na kifuniko kimeachwa wazi na wao wenyewe. Lakini mkubwa alikunja uso, Sajini akaaibika, na aibu ya Sajini ikatafuta pa kutua. Alimfokea Bi Kitambaa mbele ya kikosi kizima: "Kikipatikana kichafu tena, unarudi kwenye miwani ya vikongwe!" Mwanamke wa miaka arobaini na nane akasimama ameinamisha kichwa kama mtoto wa shule. Spidi alikuwa kando ya jenereta, spana mkononi. Dada yake alimwona anavyoitupa chini na kumkazia Sajini macho.

Jumatatu iliyofuata alisafisha kama kawaida, vitambaa kumi na vinne, cha mwisho kikatoka cheupe. Jumanne saa tatu asubuhi zikaja droni sita.

Mji mzima ulitazama. Ya kwanza iliyumba ikaanguka shambani. Ya pili ikaanguka. Watu barabarani walianza kushangilia. Ya tatu haikuyumba. Ilishuka moja kwa moja juu ya kilima. Zile nyingine zikapita juu ya moshi wake zikaenda bohari, na mji ukanuka mafuta yaliyoungua kwa wiki nzima. Mwendeshaji alikufa kitini. Mtu wa redio alikufa njiani. Spidi walimtoa chini ya jenereta akiwa hai, na hospitali wakamkata mguu wa kulia juu ya goti.

Jumatano asubuhi akafika karakana Meja kutoka makao makuu, mwenye sauti ya chini na kalamu isiyotulia. Mbele yake, juu ya karatasi nyeupe, vipande vya kioo.

"Hakikupigwa," alisema Meja. "Kilipasuka chenyewe kabla, katikati ya kufyatua. Mhandisi anasema juu yake kulikuwa na utando wa mafuta ulioungua. Unasemaje?"

"Nilikiacha kisafi, afande. Kitambaa cha mwisho kiko kabatini."

"Vizuri. Mhandisi bado yuko kilimani, atarudi kesho. Kesho saa mbili tutafungua bahasha mbele yake. Kikiwa kichafu, ni wewe. Kikiwa kisafi, kuna mtu alikigusa kioo baada yako. Kule juu walikuwa watatu tu, na amebaki mmoja. Ijumaa daktari ataniruhusu nizungumze naye."

Bi Kitambaa alitoka pale akiwa na huzuni ya vifo, ndiyo, lakini kifua chake kilikuwa chepesi. Hakuwa na kosa. Alikwenda hospitali moja kwa moja amwambie mdogo wake hilo, asije akasikia uvumi.

Wodi ilikuwa ndefu, vitanda vimebanana. Spidi alikuwa wa mwisho karibu na dirisha, uso umevimba. Alipomwona alianza kulia bila sauti. Aliwataja wenzake, mmoja kisha mwingine, tena na tena. Kisha akajifuta, akanyoosha mkono wenye bandeji, akamvua dada yake miwani. Haaa. Akaisugua na pindo la shati lake la hospitali, lenye dawa ya vidonda aliyopakwa.

"Hujaacha tu," dada akasema, akicheka na machozi yakimtoka.

"Dada, sikiliza. Ile mashine ilifeli, lakini si kwa sababu yako. Wakikuuliza, mimi shahidi. Kioo kilikuwa kinang'aa."

"Umejuaje?"

"Nilikifuta mwenyewe!" Alisema kwa fahari, kichwa kikiwa juu ya mto. "Jumanne asubuhi, kabla wakaguzi hawajapita. Upepo ulikuwa umeleta vumbi, nikamkumbuka yule Sajini alivyokufanya. Nikasema haiwezekani, safari hii hawamfokei dada yangu. Nikapanda juu, nikakihemea, nikakisugua na mkono wa sare mpaka kikawa kama maji. Sikukigusa na kidole, dada, sheria naijua. Nilitumia nguo."

Loo! Nimejaribu mara nyingi kuwaza alivyokaa pale kwenye kiti cha bati, na sitaki kuwaza tena. Alisema tu, "Umemwambia mtu?"

"Nani ameniuliza? Akija huyo Meja nitamwambia."

"Usimwambie mtu yeyote. Kupanda kule juu kumekatazwa, watakuonea."

"Lakini itakusaidia."

"Mdogo wangu, naomba. Hata Mama usimwambie."

Akarudishiwa miwani, akaivaa, akaondoka haoni vizuri.

Aliijua Ijumaa itakavyokuwa. Meja atauliza, na Spidi, ambaye hajui kuficha hata homa, atajibu kwa furaha. Kisha Meja atamweleza. Atamweleza kwa sauti yake ya chini jinsi grisi inavyokunywa mwanga, na mdogo wake atageuza uso ukutani. Safari hii hakuna atakayemwambia ilikuwa na ufa tangu mwanzo. Wenzake wawili, sahani moja, kwa mkono wa shati lake. Hatanyanyuka siku ya tatu. Hatanyanyuka kabisa.

Alhamisi alifika karakana saa moja, peke yake. Akafungua kabati. Akaitoa bahasha ya Jumatatu, akaichokonoa gundi taratibu kwa wembe, akakitoa kitambaa. Kilikuwa cheupe. Kwa miaka sita hakuwahi kukigusa kitambaa cha kazi bila glavu. Akavua glavu, akakikunjua, akajifuta nacho uso mzima, paji, mashavu, shingo, machozi, yote. Akakirudisha, akabandika bahasha.

Saa mbili Meja akawasha taa kali. Kitambaa kilikuwa na doa kubwa la njano, lina umbo lote la uso wa mtu anayejipangusa jasho.

"Hiki ndicho cha mwisho?"

"Ndicho, afande. Nilikuwa na haraka. Nilifuta vibaya nikatia sahihi."

Mhandisi akakiinamia. Mtu aliyesoma vioo maisha yake yote anajua mafuta ya ngozi na anajua mafuta ya jenereta. Alikitazama kitambaa, akamtazama mwanamke, akafungua mdomo. Bi Kitambaa akatikisa kichwa kidogo tu. Mhandisi akavua miwani yake mwenyewe, akasema, "Miaka sita, Bi Kitambaa," na akaweka sahihi.

Alinyang'anywa kitambulisho getini saa nne. Faili likapelekwa kwa wanasheria, na kesi ya uzembe uliosababisha vifo inasubiri tarehe hadi leo. Meja hakwenda hospitali. Hakukuwa na haja tena.

Ilibaki moja. Habari jeshini zinatembea, na hakutaka mdogo wake aipate kwa mtu mwingine. Ijumaa akarudi wodini. Spidi alikuwa ameketi, amenyolewa, na kwenye sahani alikuwa ameacha kidogo tu.

"Dada! Mbona hujaosha miwani?"

"Nisikilize. Ni mimi. Jumatatu nilikuwa na haraka, sikusafisha sawasawa. Upande wa ndani wa kioo, ambao wewe huwezi kuufikia wala kuuona. Niliacha mafuta. Kioo kikapasuka hapo."

Spidi akasukuma sahani kando. Kisha akauliza taratibu, "Kwa hiyo nilivyofuta mimi?"

"Ulifuta vizuri. Ulifuta bure."

Spidi akamtazama. Kicheko chote cha utoto wao kikaondoka usoni mwake, na dada yake alikiona kinavyoondoka, ingawa aliona kwa ukungu. "Walikuwa wanakusifu," Spidi akasema. "Mwendeshaji alikuwa anasema akiwa na wewe halali na hofu. Na wewe ulikuwa na haraka ya nini?"

"Kuwahi gari la kushuka."

"Nenda, Bi Kitambaa."

Hakuwahi kumwita hivyo. Na hakugeuza uso ukutani. Alikaa wima, macho makavu, ana hasira ya mtu atakayeishi, akavuta sahani yake akaanza kumalizia chakula. Dada yake alisimama mlangoni mpaka alipohakikisha amekimaliza.

Sasa Spidi ana magongo ya kutembelea na kazi ya redio kambini, na mchumba, nasikia. Kwa mama yao huja siku ambazo dada yake hayupo, na tangu siku ile ya wodini hajamfutia tena miwani. Ndiyo maana nawaambia: mkimkuta barabarani anapapasa njia, msimcheke, na msimwombe awape miwani mumfutie.